Katuni za mfululizo za kuchekesha

Katuni za mfululizo za kuchekesha ni hadithi za picha zinazotoka toleo baada ya toleo zikiwa na wahusika walewale. Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, kilomita zipatazo 190 magharibi mwa Dar es Salaam, umezisoma hasa katika magazeti na majarida yanayochapishwa jijini humo.

Historia

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Baadaye jarida la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likawa makao ya wahusika waliopendwa sana nchini Tanzania. Humo Philip Ndunguru aliwachora Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wachoraji wengine wakawaendeleza wahusika hao. Nchini Kenya, Edward Gicheri Gitau alimchora Juha Kalulu kwa zaidi ya miaka 50. Huko Japani, katuni ya Kochikame ya Osamu Akimoto ilitoka kuanzia 1976 hadi 2016 na kufikisha vitabu 200.

Raha ya usomaji

Utamu wa mfululizo hukolezwa na mazoea. Lodi Lofa ni mtu wa majigambo. Msomaji wake wa siku nyingi akimwona tu anajitutumua, ameshajua kwamba ataumbuka. Asichojua ni ataumbukia wapi, na mbele ya nani. Kwa hiyo kicheko huanza kabla ya kisa kufika mwisho, na kila toleo hunogeshwa na yale yaliyolitangulia. Anayelishika jarida kwa mara ya kwanza hucheka pia, lakini hukikosa kicheko hicho cha awali.

Katuni na utani

Waluguru, wenyeji wa Milima ya Uluguru, wana mila ya utani, ambayo mwanaanthropolojia James Boyd Christensen aliichapishia utafiti mwaka 1963. Mtani ana ruhusa ya kumsema mwenzake waziwazi bila kuleta ugomvi, na msiba ukitokea ana wajibu wa kushiriki katika mazishi. Ruhusa hiyo haipewi mpita njia, kwa kuwa msingi wake ni uhusiano wa muda mrefu. Mfululizo wa kuchekesha nao hujenga uhusiano wa namna hiyo: msomaji humcheka Lodi Lofa kwa ukali asioweza kumwonyesha mtu baki, na toleo lijalo humtafuta tena kwa hamu, kwa sababu ameshamzoea na kumpenda.