Leza ya angani na historia iliyo chini ya udongo

Kwa muda mrefu wanahistoria wameitafuta miji ya kale mabondeni, penye mito na mashamba. Mazoea hayo yametikiswa na utafiti uliofanyika nchini Uzbekistan. Mwaka 2022 wataalamu wakiongozwa na Michael Frachetti na Farhod Maksudov walirusha droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, juu ya Tashbulak na Tugunbulak, mahali pawili palipo milimani kwenye kimo cha mita 2,000 hivi.

Droni hiyo ilibeba chombo cha kupimia kwa leza. Chombo hutuma miali ya mwanga ardhini na kupima muda ambao kila mwali hutumia kurudi. Muda huo hudhihirisha umbali. Na kutokana na mamilioni ya vipimo, kompyuta huchora sura ya ardhi pamoja na vituta ambavyo mpita njia havitambui. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba Tugunbulak ilienea kwenye hekta 120 hivi, ikiwa na kuta, ngome, njia na makazi. Miji hiyo ilistawi kati ya karne ya 6 na ya 11. Kumbe milima iliyodhaniwa kuwa malisho tu ilikuwa na miji yake.

Hata hivyo, tusikipe chombo hiki sifa zisizokistahili. Leza hupima umbo la uso wa ardhi. Haipenyi udongo, wala haisemi ukuta ulijengwa lini, na nani. Hapo ndipo suala linapotuhusu sisi Wakongo. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958 ulifukua makaburi yenye vyungu vya ufundi mkubwa na vitu vya shaba. Jamii hiyo, iliyostawi tangu karne ya 8 hivi, haikutuachia kuta za mawe. Droni ingaliweza kupita juu ya makaburi yale isione kitu.

Basi, tukiifanya leza kuwa mizani ya ustaarabu, tutawahesabu waliojenga kuta na kuwasahau waliozika fahari yao pamoja na wafu wao. Chombo kipya na kituonyeshe pa kuchimba. Kisituamulie ni nani aliyekuwa na historia.