Diski za Moto Juu ya Katanga

Agosti 1952 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliingiza kwenye majalada yake habari ya ajabu kutoka Katanga. Diski mbili za moto zilikuwa zimeonekana juu ya migodi ya urani ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kamanda mmoja, anayetajwa kwa jina la Pierre tu, akarusha ndege ya kivita kuzifukuza. Aliisogelea moja hadi mita 120 hivi, akaikadiria upana wa mita 12 hadi 15. Ukingo ulizunguka kwa kasi ukiwa umegubikwa na moto, kiini kimetulia tuli. Baada ya robo saa ya kufukuzana, zikachomoka kuelekea Ziwa Tanganyika.

Nimeifuatilia habari hiyo nikiwa na ramani, na shaka yangu ilianzia mtoni. Eti migodi iko mashariki ya Luapula. Ukivuka Luapula kwenda mashariki unaingia Zambia, wakati ule Rhodesia ya Kaskazini. Shinkolobwe, mgodi wenyewe wa urani, uko mbali upande wa magharibi, karibu na Likasi. Tena karatasi yenyewe haikutokana na mahojiano na rubani: ni tafsiri ya habari iliyochapwa Vienna, katika gazeti la Die Presse la 29 Machi mwaka ule.

Mbona basi majasusi waihifadhi? Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na Marekani haikutaka Wasovieti waukaribie mgodi ule. Isitoshe, Julai 1952 taa zilionekana usiku juu ya Washington kwenyewe, ndege za kivita zikarushwa. Kati ya 1947 na 1969 jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani. 701 zilibaki bila maelezo. Mwanajeshi huuliza kwanza kama kitu ni cha adui. Akishajua si cha adui, hamu yake hupungua. Linaloniuma katika karatasi ya Katanga ni kwamba hamna sauti ya mwenyeji hata mmoja, si mchimba madini, si mvuvi wa Luapula, ilhali anga lililosimuliwa lilikuwa lao.

Kwetu Kenya kazi ya kuchunguza vitu vya angani nayo imekaa upande wa jeshi. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilipoanguka kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, ndilo lililokwenda kuichukua, likaeleza kwamba ni kipande cha roketi.

Lakini anayetazama anga si jeshi peke yake: huko Mayoni, Matungu, giza likishatanda juu ya miwa, nyota huonekana vizuri. Msururu wa nukta nyeupe ukipita kimya mara baada ya jua kuzama, yamkini ni satelaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka 2019. Jua bado linazimulika huko juu. Taa ikigeuka ghafla, ikisimama au ikirudi ilikotoka, hiyo ni habari nyingine. Aliyeiona aandike saa, upande iliotokea na ilikoelekea, rangi, muda iliokaa, na nani mwingine aliyekuwapo. Ampelekee chifu maandishi hayo, mwenyewe abaki na nakala.