Programu Huria na Ugomvi wa Mataifa

Ugomvi wa mataifa haukomi katika viwanja vya vita. Huvuka mipaka ukaingia sokoni, bandarini na vyuoni, ukawatenga watu ambao wao kwa wao hawakuwa na neno. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Na mara nyingi nyasi hizo ni watu wenye kazi njema mikononi. Katika zama zetu iko kazi moja iliyodhaniwa kuwa imeepukana na dhara hilo, kwa kuwa haina shamba wala kiwanda wala forodha. Kazi hiyo ni kuandika programu huria za kompyuta. Historia yake, ingawa ni fupi, yatuonyesha kwamba dhana hiyo ilikuwa na nusu tu ya ukweli.

Programu ni maagizo yaandikwayo kwa lugha maalumu ili kompyuta iyafuate. Makampuni mengi huyaficha maandishi hayo kama mganga afichavyo mizizi yake. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza nia ya kuandika programu ambazo kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuzisoma, kuzitumia, kuzibadili na kuwagawia wenzake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliandika kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta, akakitoa bure katika intaneti. Kiini hicho kikaitwa Linux. Watu wa nchi mbalimbali walikisoma, wakaona makosa, wakatuma masahihisho. Hawakuulizana kabila, dini wala uraia. Sahihisho jema lilipokewa, na baya likarudishwa. Leo Linux imo ndani ya kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti, na imo katika kila simu ya Android, ambazo ndizo simu za watu wengi hapa Kenya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vilikuwa maelfu.

Walakini siasa ilikuwa imekwisha kubisha hodi. Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizihesabu programu za kuficha siri za barua kuwa ni silaha za vita, nazo hazikuruhusiwa kutoka nje ya nchi bila kibali. Msomaji asicheke. Serikali zilikuwa hazijasahau jinsi kufumbuliwa kwa siri za adui kulivyosaidia ushindi katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa programu ya namna hiyo iitwayo PGP, nayo mara ikafika nchi za mbali. Serikali ikamchunguza kwa miaka kadhaa, hata Januari 1996 ilipoacha shauri bila kumshtaki. Wakati huo watetezi wa programu hiyo walipata hila ya ajabu. Sheria ilizuia programu iliyomo ndani ya kompyuta, lakini haikuzuia kitabu. Basi mwaka 1995 maandishi yote ya PGP yakachapwa kitabu. Mwaka 1997 vitabu vya toleo jipya zaidi vikasafirishwa hadi Ulaya, kurasa zake zikasomwa kwa mashine, makosa yakasahihishwa kwa mkono, na programu ikafufuka upande wa pili wa bahari bila sheria kuvunjwa.

Wengine hawakuhitaji hila, kwa kuwa walifanyia kazi nje ya Marekani. Mfumo uitwao OpenBSD, ulioanzishwa mwaka 1995, makao yake yalikuwa mji wa Calgary, Kanada, ambako sheria zilikuwa nafuu. Ndipo Januari 2000 Marekani ikalegeza kamba kwa programu ambazo maandishi yake yako wazi kwa wote. Wengi wakaamini kwamba mlango uliofunguliwa hautafungwa tena.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2019. Waandishi wa programu wamezoea kuweka kazi zao katika ghala moja la intaneti liitwalo GitHub, mali ya kampuni ya Microsoft tangu mwaka 2018. Katika Julai 2019 watumiaji walioko Iran, Syria na Rasi ya Krimea walijikuta wamefungiwa sehemu za ghala hilo. Kampuni ilieleza kuwa yatii vikwazo vya Marekani, kwa kuwa ni kampuni ya Marekani. Watu wa Iran hawakurudishiwa huduma kamili mpaka Januari 2021, kampuni ilipotangaza kwamba imepata kibali cha serikali. Mwaka 2020 nao ushirika wa RISC-V, unaosimamia kanuni huria za kuundia ubongo wa kompyuta, ulihamisha usajili wake kutoka Marekani hadi Uswisi, kwa sababu baadhi ya wanachama wake waliogopa kunaswa katika mivutano ya mataifa.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Mwezi uliofuata mwandishi mmoja, ambaye programu yake ndogo ilitumiwa ndani ya programu nyingine nyingi, aliingiza humo maagizo ya kufuta mafaili ya kompyuta zilizoonekana kuwa katika Urusi au Belarusi. Alikusudia kuupinga uvamizi. Lakini anwani ya kompyuta haisemi kama mwenyewe ni jemadari, au mwanafunzi, au mtu anayeichukia vita hiyo kwa siri. Maagizo hayo yaligunduliwa upesi yakaondolewa, ila jeraha la imani halikupona upesi. Kila mtu alijiuliza: ikiwa mkono ulioniletea maji waweza kuyatia sumu kwa sababu ya nchi ninayokaa, nitakunywa kwa moyo gani?

Oktoba 2024 ugomvi uliingia katika Linux yenyewe. Majina ya wasimamizi kadhaa, waliokuwa na mafungamano na Urusi, yalifutwa katika orodha ya wasimamizi wa sehemu zake. Sababu iliyoandikwa ilikuwa fupi: matakwa ya sheria, nao waliambiwa kwamba wangeweza kurudi wakileta hati za kutosha. Baadaye ilielezwa kwamba jambo lililotazamwa ni uhusiano wao na makampuni yaliyomo katika orodha ya vikwazo vya Marekani. Torvalds, ambaye sasa ni raia wa Marekani, aliunga mkono hatua hiyo, akakumbusha kwamba yeye ni Mfini na hawezi kuutetea uvamizi wa Urusi. Hapo historia ya zamani ilisema kwa kinywa cha leo, kwani nchi ya Ufini ilivamiwa na majeshi ya Kisovieti mwaka 1939, na jambo hilo halijasahauliwa huko.

Je, haki ilikuwa kwa nani? Wako waliosema kwamba shirika linalolinda kazi hiyo limo Marekani, na mtu hukaa chini ya sheria za nchi aliyomo. Tena mtu ambaye mji wake unapigwa kwa makombora hawezi kuambiwa kwamba kompyuta hazihusiani na vita. Hoja hizo ni nzito. Lakini wako pia waliohuzunika, nao wana hoja. Watu waliofanya kazi njema kwa miaka waliondolewa ghafla, wala si kwa kosa lililoonekana katika kazi yao. Na maelezo yalikuja baada ya aibu. Hakimu mwadilifu hutaja sababu kwanza ndipo akatoa hukumu.

Mimi naona kwamba tumekuwa tukichanganya mambo mawili. Programu huria ni kama kisima cha kijiji. Kanuni zake zampa kila mtu ruhusa ya kuteka maji, hata adui. Hazikumwahidi mtu yeyote kiti katika baraza la kukitunza kisima. Baraza ni la watu, na watu wana nchi, waajiri na serikali. Kwa hiyo vikwazo havikuweza kuyafunga maandishi, ila viliwatenga waandishi.

Na hapo ndipo ilipo hasara. Kisima kisicho na watunzaji wa kutosha hujaa matope, na wanaokunywa humo ni sisi sote, pamoja na tulio mbali na ugomvi. Ikiwa sheria yalazimisha mtu kuondolewa, na aambiwe sababu waziwazi, ashukuriwe kwa kazi aliyoitenda, na mlango usipigwe kufuli milele. Maandishi ya wasimamizi wale hayakufutwa. Yamebaki ndani ya Linux, yakifanya kazi usiku na mchana kwa watu wa kila taifa, wala mashine haiulizi ni nani aliyeyaandika.