Boksi Hazijafika, Rudini Kesho

Saa moja asubuhi, kwa geti ya kiwanda kimoja cha sabuni Industrial Area. Tuko vibarua kama 40, kila mtu ameshika kitambulisho mkononi. Supavaiza anatoka, hata hatuangalii machoni. "Boksi hazijafika. Rudini kesho."

Hiyo tu. Sabuni iko, mashine ziko, stima iko, sisi tuko. Kitu hakuna ni katoni za kupakia. Na kibarua analipwa kwa siku, kwa hivyo siku bila boksi ni siku bila doo, na nauli ya kutoka Kayole ushaitoa mfukoni. Mwezi huo ilinipata mara nne.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo shida nilikuwa nimefundishwa. Kabla niache chuo mwaka wa pili, lekchara alituandikia fomula ubaoni ya kuhesabu uagize mzigo kiasi gani kwa mara moja. Tukaikariri, tukaimwaga kwa CAT, tukaisahau. Hakuna aliyetuambia imetoka wapi. Nilikuja kuitafuta mwenyewe kwa simu, nikiwa nimelala kwa kitanda mchana, hizo siku za rudini kesho.

Imetoka kwa mse anaitwa Ford Whitman Harris. Mwaka wa 1913, akiwa injinia huko Marekani, aliandika makala fupi kwenye jarida la mambo ya viwanda, akiuliza swali moja: utengeneze vipuri vingapi kwa mara moja? Sasa shika hii: Harris hakuwahi kusoma chuo. Aliishia sekondari. Baadaye akajifundisha sheria mwenyewe, akawa wakili wa hataza. Na kwa miaka mingi vitabu vilimpa sifa ya fomula yake mtu mwingine, mpaka miaka ya themanini mtafiti mmoja akafukua ile makala ya kwanza. Mimi sisemi uache shule. Nasema tu nilicheka peke yangu.

Wazo lake ni rahisi. Tuseme unaprinti hudi. Kwa mwaka unauza 1,800. Kila ukienda Eastleigh kuchukua hudi tupu, safari moja inakukula 400. Na kila hudi ukiiweka kejani mwaka mzima inakugharimu 100, ukihesabu nafasi, panya, na pesa yako iliyolala hapo badala ya kufanya kazi. Ukienda mara nyingi, nauli inakumaliza. Ukibeba zote mara moja, pesa yote imekaa kwa kona. Fomula ya Harris inakuambia ubebe 120 kila safari, yaani safari 15. Piga hesabu: safari zitakula 6,000 kwa mwaka, na kuweka stoki kutakula 6,000. Zikiwa sawa hivyo, ndio umefika pale pa bei nafuu zaidi.

Lakini boksi si kama hudi. Hudi unabahatisha, maana hujui wateja wa mwezi ujao watakuwa wangapi. Boksi hubahatishi. Kama umeamua kutengeneza sabuni 12,000 na katoni moja inabeba 24, unahitaji katoni 500. Si 480, si "tutaona". Mwenye aligeuza hii kuwa mfumo wa kompyuta anaitwa Joseph Orlicky, wa IBM, na kampuni ya kwanza kuutumia ilikuwa Black & Decker mwaka wa 1964. Unaanza na siku ambayo bidhaa inatakikana, unarudi nyuma. Katoni zinachukua siku ngapi kufika? Basi oda itoke siku hizo kabla. Mathee akipanga harusi ya binti yake anafanya hivyo bila kompyuta. Kwa hivyo supavaiza akisema boksi hazijafika, anaongea kana kwamba ni mvua imekataa kunyesha. Kuna mtu kwa ofisi mahali hakurudi nyuma akahesabu.

Sasa twende Japani, kwa sababu story yenyewe iko huko.

Hizi Toyota zote unaona kwa barabara zetu, Probox imebeba miraa, matatu ya abiria 14, zinatoka kwa kampuni ambayo karibu ifungwe. Mwaka wa 1949 uchumi wa Japani ulibanwa vibaya, magari yakakosa wanunuzi, yakarundikana. Benki zikakubali kuiokoa Toyota, lakini kwa masharti. Mwaka wa 1950 wafanyakazi zaidi ya 1,500 wakapoteza kazi. Kukawa na mgomo mkubwa, na mwanzilishi wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwezi huohuo wa Juni vita vya Korea vikaanza, jeshi la Marekani likaagiza malori, Toyota ikapumua. Noma ni kwamba oda zingekuja wiki chache mapema, pengine hao watu hawangefutwa.

Ndani ya hiyo kampuni kulikuwa na meneja wa karakana, Taiichi Ohno. Alieleza baadaye kwamba zile siku, nusu ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya kungoja vipuri vikusanyike, halafu nusu ya pili watu wanakimbizwa kuunganisha magari. Nikisoma hapo niliketi kabisa. Hiyo ni geti yetu! Leo rudi nyumbani, wiki ijayo ovataimu mpaka usiku.

Ohno alikuwa amesikia vile supamaketi za Marekani zinafanya kazi, na mwaka wa 1956 alipoenda huko kuona viwanda vya magari akaziona kwa macho. Mteja anachukua maziwa kwa rafu, na ile nafasi iliyobaki wazi ndiyo inamwambia mwenye duka alete mengine. Ohno akaleta hiyo kiwandani. Sehemu ya mwisho inachukua vipuri kutoka sehemu ya nyuma, na kadi inarudi nyuma kusema "tengeneza hivi vingine, na idadi ni hii." Kadi ndiyo inaitwa kanban. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Kufikia 1962 ilikuwa imeenea kampuni nzima. Kwa Ohno, stoki iliyorundikwa ilikuwa uharibifu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inaficha makosa. Mashine ikiharibika unachota tu kwa stoki, hakuna mtu anauliza kwa nini imeharibika.

Si lazima uende Japani kuona hii. Angalia mama wa kioski akiuza mafuta ya kupima. Hana stoo, ana mtungi. Ukikaribia kuisha anatuma kijana. Tofauti ni kwamba Toyota ilikuwa na nguvu ya kuwaambia wauzaji wake walete saa fulani kamili, na mama wa kioski hana nguvu hiyo juu ya mtu yeyote.

Na msidhani huko wafanyakazi walikuwa peponi. Wa kudumu walilindwa, sawa. Lakini Toyota pia iliajiri watu wa msimu, na mwandishi Satoshi Kamata aliingia huko kama mmoja wao mwaka wa 1972, akakaa miezi kadhaa kwa laini, akaandika kitabu kuhusu vile walivyosagwa. Vipuri havikungoja, na watu hawakupumzika.

Halafu moto. Jumamosi tarehe 1 Februari 1997, kabla jua litoke, kiwanda cha Aisin Seiki mjini Kariya kikashika moto. Hapo ndipo Toyota ilikuwa inapata karibu valvu zake zote za kusawazisha breki. Ni kitu kidogo, kinatoshea kwa kiganja. Stoki ya Toyota ya hizo valvu ilikuwa ya masaa tu. Ndani ya siku chache karibu viwanda vyake vyote Japani vikasimama, kwa sababu ya kitu unaweza kutia mfukoni. Makampuni zaidi ya 60 yakaanza kutengeneza hizo valvu kwa haraka, hata Brother, wale wa cherehani, ambao hawakuwa watengenezaji wa vipuri vya gari. Baada ya kama wiki moja, magari yalikuwa yanatoka tena.

Watu hupenda kusema moto huo ulithibitisha Ohno alikosea. Mimi naona vingine. Kosa lilikuwa kutegemea mlango mmoja. Na Toyota wenyewe, baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, waliketi wakauliza ni vipuri gani haviwezi kupatikana haraka. Kwa chipu za kompyuta wakawataka wauzaji waweke stoki ya miezi 2 hadi 6. Ukosefu wa chipu ulipofika 2021, wengine wakasimamisha laini, Toyota wakaendelea kwa muda. Wenye walifundisha dunia kutoweka stoki ndio walikuwa na stoki, kwa kitu kimoja walichojua kitawaangusha.

Kiwanda chetu kilikuwa kimechukua nusu moja tu ya hii historia. Hakikuweka boksi, sawa. Lakini hakikuwa na kadi, hakikuhesabu kurudi nyuma, na hakikuwa na muuzaji wa pili. Stoki pekee kilikuwa nayo ya kutosha ni sisi kwa geti, kwa sababu kutuweka hapo hakukugharimu kitu. Kwa hesabu ya Harris, kitu cha bure kukiweka unakirundika tu.

Siku ya nne, lori ya boksi ilifika saa nane mchana. Supavaiza akatuma meseji kwa namba zetu. Wale wa Mukuru walifika kwa miguu, wakalipwa nusu siku. Mimi nilikuwa nimefika Kayole, nimezima simu niokoe chaji.

Kama ushawahi kurudishwa kwa geti, niambie hapo chini walisema nini hakijafika.