Mbuzi na Kuku chini ya Paa Moja: Habari za Banda Dogo katika Karagwe na Kyerwa

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa chama chetu kikuu wenzangu wameandika habari za kahawa, za maghala, za mizani na za malipo. Mimi nilipoombwa kuandika jambo la historia nalichagua banda. Tena si banda la kukobolea kahawa, bali lile dogo lililo nyuma ya jiko, ambamo mbuzi wanne na kuku kumi na wawili hulala pamoja. Katibu alicheka aliponisikia. Lakini naamini kwamba mwanachama aliyewahi kuuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani bila ada, hatacheka. Butura huingia katika nyumba isiyo na kitu kingine cha kuuza, na kwa wengi wetu hicho kitu kingine ni mbuzi au kuku.

Tuanze mbali kidogo. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya kuiandika nchi yetu, Bwana Speke na Bwana Grant, walifika kwa Mtawala Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari 1862, na Grant akabaki kwa miezi kadhaa akiuguza mguu. Sifa ya Karagwe wakati huo ilikuwa ng'ombe wa pembe ndefu. Ng'ombe ndio waliokuwa heshima, mahari na siasa. Kuku walitumika zaidi katika kupigia ramli, kama ilivyokuwa katika nchi nyingi za maziwa makuu, na wafugaji wakubwa wa ng'ombe walidharau kula nyama yao. Mbuzi alikuwa mnyama wa mkulima. Ndiyo sababu habari za wafalme zimejaa ng'ombe, na ukitaka habari za mbuzi na kuku huna budi kuzitafuta nyumbani kwa mtu wa kawaida.

Na nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa msonge. Msomaji kijana ambaye hakuiona aelewe kwamba ilikuwa nyumba ya mviringo, nyasi kuanzia kilele hadi chini, na ndani imegawanywa kwa kuta za mafunjo au fito. Upande mmoja walilala watu, upande mwingine wakalala wanyama. Mbuzi walifungwa kamba kwenye nguzo; kuku walipanda juu ya fito au wakafunikwa tengani. Leo twaona kuwa huo ulikuwa uchafu, lakini wazee hawakuwa wajinga. Chui na fisi walikuwa wengi, hasa kuelekea mbuga zile za Ibanda, ambazo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Mbuzi aliyelala nje hakuonekana asubuhi. Moto wa nyumbani uliwapa wanyama joto wakati wa mvua, na moshi ukafukuza wadudu. Nyasi za sakafuni zilipochafuka zilizolewa, zikatupwa kibanjani chini ya migomba. Kwa hiyo tangu mwanzo mbuzi na kuku walilala chini ya paa moja, na paa hilo lilikuwa la mwenye nyumba.

Miaka ya 1890 sotoka ilishuka na kuwamaliza ng'ombe. Ugonjwa huo umekwisha duniani, na mwaka 2011 ulitangazwa rasmi kuwa umetokomezwa, lakini pigo lake kwetu halikufutika upesi. Kibanja kilichozoea samadi ya ng'ombe kilibaki na majani yake tu. Udongo wetu wa vilimani hunyeshewa sana na rutuba yake huchukuliwa na maji. Migomba na mibuni yaweza kusimama mahali pamoja kwa vizazi vitatu au vinne kwa sharti moja tu, kwamba kitu kirudishwe chini. Nyumba iliyokosa ng'ombe ilirudisha kinyesi cha mbuzi, kinyesi cha kuku, majivu na maganda ya ndizi. Hapo ndipo mnyama mdogo alipopata kazi kubwa, ingawa hakuna aliyemsifu.

Serikali za kikoloni zilipokuja, Wajerumani kwanza na Waingereza baada yao, suala la kulala na wanyama likawa suala la afya. Tauni ilikuwa imeonekana Kiziba mwaka 1897, na panya wakawa maadui wa serikali. Mahali penye punje za kuku pana panya, na hilo ni kweli hata leo. Watu wakahimizwa kujenga nyumba za pembe nne na kuwatoa wanyama nje. Wengine walitii, wengine walitii wakati bwana afya akipita. Fedha za kahawa ndizo zilizoleta mabadiliko ya kweli: baada ya vyama vya ushirika kuungana mwaka 1950 na kuwa Bukoba Native Co-operative Union, na bei ya kahawa ikiwa nzuri kwa miaka kadhaa, bati likaanza kung'aa vilimani. Mtu mwenye nyumba ya bati na sakafu ya saruji hataki mbuzi sebuleni.

Kisha ukaja wakati wa vijiji. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1973 kwamba wananchi wote wawe wanaishi vijijini kufikia mwisho wa 1976. Huku kwetu, penye vibanja vya zamani vya migomba, si wote waliohamishwa. Lakini sehemu nyingi mpya zilifunguliwa, viwanja vikapimwa kwa mistari, na majina ya Kiswahili yakaingia kati ya majina ya Kinyambo. Songambele ni jina la aina hiyo, nalo linapatikana katika mikoa mingi ya Tanzania. Mtu aliyejenga upya alijenga nyumba ndogo kwanza, na mabati yaliyobaki, kama yalibaki, yakaezeka kibanda kimoja. Hakuwa na mabati ya vibanda viwili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo asili ya banda letu la leo: wanyama walitolewa katika nyumba ya watu, wakatoka pamoja kama walivyokuwa wamelala pamoja, na hakuna aliyewauliza kama wanapatana.

Je, wanapatana? Hapa nitajitoa mfano mwenyewe. Mwaka 1991 nalikuwa na banda la hatua nne kwa tatu, mbuzi chini, kuku juu ya fito zilizopita katikati. Nalijisifu kwa kuwa sikupoteza hata unyayo wa ardhi. Kilichotokea ni kwamba fito zilikuwa juu ya hori. Usiku kucha kuku walinya katika majani ya mbuzi na katika maji yao, na mbuzi ni mnyama mwenye kinyaa kuliko watu wengi niwajuao: alinusa, akageuka, akalala na njaa. Nikadhani ni wagonjwa. Nikawanywesha dawa za minyoo mara mbili kwa gharama yangu bure. Siku moja tukasahau debe la mahindi ya kuku mle ndani. Beberu alivunja kifuniko akala mpaka akashiba, na alfajiri tulimkuta tumbo limejaa kama ngoma, amekwisha kufa. Beberu yule nilikuwa nimemtenga kwa ajili ya ada ya Januari. Mwaka huo kahawa yangu iliuzwa ikiwa maua. Sikumwambia katibu wa chama changu cha msingi, lakini nadhani alijua.

Baadaye bwana mifugo mmoja alinifafanulia sababu. Mbuzi ana matumbo manne, na lile kubwa limezoea majani. Akila punje nyingi kwa ghafla huchacha mle ndani na kutoa tindikali, kisha gesi humbana hadi afe. Chakula cha kuku chenye pumba na mahindi ni kitamu kwake kupita kiasi, hivyo hakuna mbuzi atakayejizuia. Alinieleza pia jambo lililonishangaza. Watu husema kwamba kuhara damu kwa vifaranga hutoka kwa mbuzi. Sivyo. Vijidudu vya kuhara damu vya mbuzi haviwadhuru kuku, wala vya kuku haviwadhuru mbuzi. Kila mmoja ana vyake. Wanachoambukizana ni mazingira: unyevu. Mkojo wa mbuzi huloanisha sakafu, hewa huwa kali machoni, na katika unyevu huo vijidudu vya kila upande hustawi kwa furaha. Aidha yapo magonjwa ya tumbo yatokanayo na kinyesi cha kuku ambayo humpata mbuzi, na hata mtu, kwa njia ya maji na chakula. Utitiri wa kuku hujificha katika nyufa za fito mchana na kutoka usiku, nao huuma chochote chenye damu kilicho karibu.

Wapo wanachama watakaojibu kwamba kuku huwala kupe na funza, na kwa hiyo ni waganga wa mbuzi. Ni kweli, nimewaona wakidonoa kupe masikioni mwa mbuzi aliyelala. Lakini kazi hiyo huifanya mchana uani. Usiku kuku hafanyi kazi ya uganga, usiku anakunya.

Magonjwa makubwa ya wanyama hawa hayatoki kwa jirani wa bandani hata kidogo. Kuku wetu huuawa na mdondo, ambao wengine huuita kideri, na unaweza kufagia kijiji kizima katika juma moja. Chanjo ya tone la jichoni iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia na ambayo sasa hutengenezwa hapa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Mbuzi nao wana sotoka yao, ambayo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008. Faida moja ya banda la pamoja, nakiri, ni kwamba siku ya chanjo wote wapo mahali pamoja na mlango ni mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mifugo havilitaji. Katika nyumba nyingi za kwetu mbuzi ni wa baba, kuku ni wa mama na watoto. Banda likiwa moja na ufunguo ukiwa mmoja, huuliza nani? Nimesikiliza mashauri zaidi ya mara moja ambamo mama alirudi kutoka gulioni akakuta majogoo mawili hayapo, na baba anasema banda ni lake kwa sababu nguzo alikata yeye. Haya ni mambo ya nyumbani wala chama hakiwezi kuyaamua. Lakini mama anayejua kwamba kuku wake ni wake huwatunza, na ndiye anayenunua chumvi, daftari na sabuni katika miezi ile mirefu kabla ya mavuno. Daftari lililonunuliwa kwa mayai ni kilo kadhaa za kahawa zilizobaki mtini hadi zilipoiva.

Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, mbuzi wa kuzurura amekuwa hatari zaidi, kwani akitafuna mgomba mgonjwa aweza kuupeleka ugonjwa kwa mzima. Vijiji vingi vikataka mbuzi wafungwe. Mbuzi aliyefungwa mchana na usiku anahitaji banda lililo bora kuliko la mbuzi anayelala tu, na hapo wengi tulilazimika kujenga upya.

Basi nitaeleza nilivyojenga, kila mtu apime mwenyewe. Paa ni moja, kwa kuwa bati ni ghali. Katikati nimesimamisha ukuta wa mabanzi kutoka chini hadi juu, usiopitisha hata kifaranga. Upande wa mbuzi una kichanja cha fito kilichoinuliwa karibu mita moja, na nafasi kati ya fito ni ya kupitisha kinyesi bila kunasa kwato. Kila mbuzi ana kama mita moja na nusu ya mraba. Hori liko nje, mbuzi hutoa kichwa tu. Upande wa kuku una sakafu ya udongo mkavu yenye maranda, viota vitatu, na mlango wake wenyewe, ambao ufunguo wake sina.

Kinyesi cha mbuzi huanguka chini ya kichanja kikavu, na cha kuku hutolewa kila juma. Cha kuku ni kikali, kikiwekwa kibichi huunguza mizizi, na mizizi ya mbuni iko juu juu. Mimi huvichanganya vyote viwili na majani ya migomba isiyo na ugonjwa, nikavifunika shimoni mpaka vipoe na kuwa vyeusi, jambo linalochukua miezi miwili au mitatu, ndipo nikavieneza chini ya mibuni kabla ya mvua.

Ukuta ule wa katikati umesimama mwaka wa sita sasa. Mchwa wameanza upande wa kuku, na wiki hii natafuta nguzo mbili za kubadilisha.