Kwa nini tunapenda kurekodi mpaka taa nyekundu?

Umeshawahi kumrekodi bibi akisimulia, ukafika nyumbani, ukakuta kila alipocheka sauti imekwaruza? Pole. Kosa hilo lina historia ndefu kuliko simu yako.

Turudi mwaka 1939. Wahandisi wa Bell Labs, NBC na CBS, huko Marekani, walikubaliana kutumia mita ya sauti ya aina moja, ile yenye mshale unaochezacheza, iitwayo VU. Mshale huo ulifanywa mzito kwa makusudi: ulihitaji kama sekunde 0.3 kufika mahali pake. Mlio wa ghafla, tuseme kofi, ulipita kabla haujaonekana.

Je, ilikuwa shida? Si sana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia studio zilianza kutumia kanda za sumaku, na kanda ina mvumo wake, ule "shhh" unaosikika kabla wimbo haujaanza. Ili kuufunika, fundi alipandisha sauti mpaka mshale uguse nyekundu. Ikizidi kidogo, kanda iliuminya mlio taratibu tu. Hapo ndipo tulipofundishwa: rekodi juu!

Mwaka 1982 CD zikaanza kuuzwa. Sasa sauti ni namba. Kwa biti 16 una ngazi 65,536, na ukifika ya mwisho hakuna nyingine. Kilele cha wimbi kinakatwa bapa. Kilichokatwa hakikuandikwa popote, kwa hiyo programu ya kurekebisha inakisia tu.

Mazoea hayakufa, na sababu ilikuwepo: kila biti huongeza kama desibeli 6 za nafasi juu ya mvumo, na mafundi waliogopa kuzipoteza. Ila leo vinasa sauti vingi vina biti 24. Piga hesabu mwenyewe: ukiacha desibeli 12 bila kuzitumia, umepoteza biti 2 tu. Zimebaki 22, bado nyingi kuliko za CD.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwombe bibi aite mtu kwa nguvu, kama vile yuko shambani. Tazama mita, kisha shusha kiwango mpaka vilele viishie karibu na -12. Sauti ikiwa ndogo utaipandisha baadaye. Kicheko kilichokatwa hakirudi, na bibi huenda asikisimulie tena kisa kile.