Nani analipa askari wa Afrika walioko Somalia?

Kijiweni ubishi hauishi: askari wa Uganda au Burundi akipelekwa Somalia kulinda amani, analipwa na nani? Wengi wanajibu Umoja wa Mataifa. Hapana, tuwekane sawa.

Kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, kilianza Machi 2007, Waganda wakitangulia Mogadishu. Warundi wakafuata mwishoni mwa mwaka huo, Kenya ikajiunga rasmi 2012. Mzigo uligawanywa hivi:

- Posho: Umoja wa Ulaya, dola 1,028 kwa askari kwa mwezi.
- Chakula, mafuta, mahema na matibabu: Umoja wa Mataifa, tangu azimio 1863 la Baraza la Usalama, 2009.
- Mafunzo na vifaa: Marekani, Uingereza na wafadhili wengine.
- Mshahara wa kawaida: serikali zao wenyewe.

Msichanganye na Watanzania waliokwenda Kongo. Wale walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa wenyewe, unaoilipa serikali. Kuanzia Julai 2018 ilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi.

Sasa sikilizeni hapa. Posho ya Somalia haikuenda moja kwa moja mfukoni kwa askari. Ilitoka Ulaya, ikapitia Umoja wa Afrika, ikaingia serikalini, ndipo imfikie mwenyewe, tena ikiwa imekatwa kama dola 200. Halafu 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20.

Walioumia zaidi ni Warundi. Mwaka huo huo Ulaya ilisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, kutokana na machafuko ya 2015 pale Rais Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu. Haikutaka hela ipitie serikalini tena. Matokeo yake askari zaidi ya 5,000 walikaa karibu mwaka mzima bila posho, huku wanapambana na Al-Shabaab! Januari 2017 Nkurunziza akatishia kuwarudisha nyumbani. Mwezi uliofuata wakaelewana, hela ikapitia benki ya biashara.

AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, kisha AUSSOM Januari 2025. Majina yamebadilika, kilio cha hela ni kile kile.

Wakubwa wakigombana, anayekosa ada ya watoto ni mke wa askari kule kijijini. Nyie mnaonaje wadau, posho imfuate askari mwenyewe benki au ipitie serikalini? Semeni hapo chini, bila matusi.